Mabomu ya ndege na moyo wa raia: wanasayansi walipima nini, wakakuta nini

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamegawanyika. Wengine wanasema ukiipiga miji ya adui kwa mabomu ya ndege, wananchi watakata tamaa na serikali yao itasalimu amri. Wengine wanasema mabomu huzidisha ukaidi. Je, kuna wanasayansi waliowahi kulipima jambo hili? Walilipimaje, na viongozi waliwasikiliza? Na kama lipo zoezi la hesabu linalohusiana nalo ninaloweza kuwapa darasani, nitashukuru.

JIBU: Mwalimu, limepimwa, tena zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza lilipimwa huku mabomu yenyewe yakiendelea kuanguka. Nitakueleza waliolipima na njia walizotumia, lakini nianze na jibu lenyewe. Kambi zote mbili za darasani kwako zimeshika kipande cha ukweli, na zinabishana kwa sababu hazijatenganisha mambo mawili: anachohisi mtu anapotoka handakini alfajiri, na anachofanya asubuhi hiyo hiyo. Waliochukua taabu ya kuyapima mambo hayo mawili kila moja peke yake walikuta kwamba hayaendi pamoja kama tunavyodhani.

Inabidi turudi nyuma kidogo, miaka ya 1930, Uingereza. Wapangaji wa ulinzi walijua vita inakuja na walitaka kujua watakufa watu wangapi. Walikuwa na mashambulizi machache tu ya kujifunzia, yale ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Hispania. Wakachukua wastani wa watu 50 waliouawa au kujeruhiwa kwa kila tani ya mabomu, wakazidisha kwa tani ambazo Ujerumani ingeweza kuangusha. Hesabu ya mwaka 1937 ikatoa vifo 600,000 katika siku 60 za mwanzo. Mwaka uliofuata kundi la madaktari wa magonjwa ya akili likaonya kwamba watakaopatwa na wazimu wa hofu watafika milioni tatu au nne. Serikali ilizipokea namba hizo kama kweli. Vitanda vya hospitali vikaachwa wazi, na mwanzoni mwa Septemba 1939 watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, wakahamishwa kutoka mijini ndani ya siku chache.

Mpaka vita inakwisha mwaka 1945, raia waliouawa na mashambulizi ya anga Uingereza nzima walikuwa kama 60,000. Hilo ni janga, sitaki mwanafunzi yeyote alione kuwa dogo. Lakini ni sehemu moja ya kumi ya kile kilichotabiriwa kwa miezi miwili tu. Na yale mamilioni ya wenye wazimu hayakutokea.

Basi wanasayansi walipoitwa kazini, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuuliza maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla. Mmoja wao alikuwa Solly Zuckerman, mzaliwa wa Cape Town, mtaalamu wa anatomia pale Oxford, ambaye jina lake lilikuwa limejulikana kwa utafiti wa nyani. Aliletewa fumbo hili: watu walikuwa wakiokotwa wamekufa karibu na mahali bomu lilipolipukia, mwili hauna jeraha, ila mapafu yamejaa damu. Wengine walidhani hewa ya mlipuko huingia kwa nguvu kupitia mdomoni na puani na kuyapasua mapafu kutoka ndani. Zuckerman aliweka wanyama kwenye umbali uliopimwa kutoka kwenye baruti, wakiwemo sungura. Baadhi ya sungura aliwafunika mwili kwa mpira mnene wa sponji, vichwa vikabaki wazi. Kama madhara yangekuwa yanapitia puani, mpira usingesaidia kitu. Ulisaidia. Kwa hiyo wimbi la mgandamizo hukipiga kifua kutoka nje, na kifua ndicho kinachoyaumiza mapafu.

Nimeeleza jaribio hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha jinsi swali linavyopaswa kukatwa. Huwezi kuuliza tu “bomu huua vipi?” Lazima utengeneze hali mbili zinazofanana katika kila kitu isipokuwa kimoja. Hapo mpira upo, hapa haupo. Kumbuka wazo hili, kwa sababu miaka mingi baadaye watu wengine walilitumia kwenye swali lako, na ndipo jibu lilipopatikana vizuri zaidi.

Zuckerman na wenzake waliendelea mitaani. Walikwenda palipoanguka mabomu wakiwa na kamba za kupimia, wakauliza kila mtu alikuwa wapi, amesimama au amelala, umbali gani kutoka kwenye shimo, na kimempata nini. Wakagundua kwamba mwili wa binadamu huvumilia mgandamizo mkubwa kuliko ilivyoaminika, na kwamba wengi huumizwa na vipande vya chuma, vioo na kuta zinazoporomoka. Maarifa ya aina hiyo yaliokoa watu. Mhandisi John Baker alibuni meza ya chuma ya kuwekwa sebuleni, urefu kama mita mbili, upana zaidi kidogo ya mita moja, chini yake familia inalala. Aliipangia ipinde inapoangukiwa na nyumba, ili nguvu ya kifusi iishie kwenye chuma. Hadi mwisho wa 1941 familia kama 500,000 zilikuwa zimegawiwa meza hizo.

Sasa tuje kwenye moyo.

Mwaka 1941 Waingereza walikuwa wakiipiga Ujerumani usiku, na marubani waliporudi walisema wamepiga shabaha. Mtumishi wa serikali aitwaye Butt akapewa picha zaidi ya 600 zilizopigwa na ndege hizo wakati wa mashambulizi ya Juni na Julai, azilinganishe na taarifa za marubani. Mwezi Agosti alitoa matokeo: kati ya ndege zilizodai kuipiga shabaha, moja tu katika tatu ilikuwa imefika ndani ya kilomita nane kutoka kwenye shabaha hiyo. Kwenye eneo la viwanda la Ruhr, moja katika kumi. Ndege isiyoweza kukiona kiwanda usiku inaweza kuuona mji, na hapo ndipo wazo la kuipiga miji yenyewe lilipopata nguvu. Nalo lilihitaji imani moja: kwamba kuvunja nyumba za watu kunavunja ari yao ya kupigana.

Ili kujua mabomu yanaifanya nini miji ya Wajerumani, Waingereza waliamua kuichunguza miji yao wenyewe. Ilichaguliwa miwili, Birmingham na Hull. Birmingham ulikuwa mji wa watu wapatao milioni moja, umejaa viwanda. Usiku wa Novemba 19, 1940 kiwanda cha silaha cha BSA kilipigwa na wafanyakazi 53 wakafia humo. Hull ni bandari ya mashariki, ndogo zaidi, iliyopigwa vibaya sana hasa Mei 1941, na katika habari ilitajwa tu kama “mji wa pwani ya kaskazini mashariki” ili adui asijue amefaulu wapi. Hadi vita inakwisha, karibu nyumba zote za Hull zilikuwa zimeguswa na mabomu, ama kuvunjwa kabisa ama kuharibiwa kiasi.

Uchunguzi uliongozwa na Zuckerman pamoja na mwanafizikia J. D. Bernal. Walihesabu mabomu, mashimo, nyumba, vifo, siku ambazo wafanyakazi hawakufika kazini, uzalishaji wa kila kiwanda. Wataalamu wa magonjwa ya akili waliwahoji wafanyakazi na familia zao. Na mashuleni kule Hull watoto wa miaka kama kumi walipewa insha waandike: nini kilinipata na nilifanya nini wakati wa mashambulizi ya anga. Insha hizo zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za Zuckerman. Mimi kila nikifika hapa huwa nasita. Mtoto anaandika kuhusu usiku ambao nyumba ya jirani ilianguka, na karatasi yake inakusanywa ili kusaidia kukadiria mtoto mwingine, katika mji wa Ujerumani, atasumbuliwa kiasi gani na mabomu yatakayopelekwa kwake. Waliokusanya hawakuwa watu wabaya, na nchi yao ilikuwa ikipigania uhai wake. Hata hivyo wanafunzi wako wanastahili kujua kwamba namba hizi zilitoka kwa watu, na zilikusudiwa kwa watu.

Ripoti ilikamilika Aprili 8, 1942. Ilisema kwamba katika miji yote miwili haukuonekana ushahidi wa taharuki iliyosababishwa na mashambulizi, liwe moja au mfululizo. Hofu na wasiwasi vilikuwepo, kama inavyotarajiwa, lakini si kwa kiwango cha kuwafanya watu wavunje utaratibu wa jamii. Afya ya miji haikuonyesha badiliko linaloweza kupimika. Uzalishaji ulipopungua, sababu karibu yote ilikuwa viwanda vyenyewe kupigwa. Mtu aliyebomolewa nyumba alikosa kazini siku chache, akarudi.

Kuna jambo moja la Hull ningependa mlijadili darasani. Baada ya mashambulizi ya Mei 1941, maelfu ya watu walitoka mjini kila jioni, kwa miguu au kwa malori, wakalala mashambani, kwenye mabanda ya mifugo na hata kwenye mitaro, kisha asubuhi wakarudi mjini kazini. Maofisa kadhaa waliwaona wakitoka na kusema: hawa wamevunjika moyo, wanakimbia. Lakini anayerudi saa moja asubuhi kufungua mashine yake amekimbia nini? Alikuwa anatafuta usingizi, ili aweze kufanya kazi. Aliyewatazama jioni peke yake aliandika jambo moja, na aliyewangoja hadi asubuhi aliandika jingine.

Unauliza kama viongozi waliwasikiliza. Tazama tarehe. Siku tisa kabla ya ripoti kukamilika, Machi 30, 1942, mshauri wa sayansi wa Waziri Mkuu Churchill, mwanafizikia Frederick Lindemann, ambaye tayari alikuwa Lord Cherwell, alimwandikia Churchill waraka mfupi. Akitaja uchambuzi wa Birmingham na Hull, aliandika kwamba tani moja ya mabomu juu ya makazi hubomoa nyumba 20 hadi 40 na kuwaacha watu 100 hadi 200 bila makao. Ndege moja hubeba kama tani 40 katika maisha yake yote, kwa hiyo itawakosesha makao watu 4,000 hadi 8,000. Ujerumani ina miji 58 yenye wakazi zaidi ya 100,000. Ndege 10,000 zikitengenezwa, na nusu ya mabomu yao yakaangukia miji hiyo, theluthi moja ya Wajerumani wote itakosa pa kulala. Akaongeza kwamba uchunguzi unaonekana kuonyesha kuwa hakuna kinachoumiza ari kama kubomolewa nyumba. Kwamba watu wanaonekana kujali nyumba kuliko hata kufiwa na marafiki au ndugu. Na kwamba Hull dalili za kuelemewa zilikuwa dhahiri.

Linganisha na ripoti. Hesabu za nyumba zilitoka kwenye kazi ya uchunguzi. Sentensi ya moyo haikutoka huko. Ripoti ilisema kinyume chake. Lakini zikiwa zimekaa kwenye ukurasa mmoja, msomaji mwenye shughuli nyingi hawezi kuona mshono.

Niwe mwadilifu kwa Lindemann. Waraka wake haukuizaa sera ya kupiga miji. Amri ya kulenga ari ya raia ilikuwa imeshatolewa Februari 14 mwaka huo huo. Na alikuwa na hoja ya haki kwamba mabomu ya Hull yalikuwa kidogo kulinganisha na yale ambayo Ujerumani ingeangushiwa baadaye, hivyo Hull haiwezi kumaliza swali. Wanasayansi wenzake walimpinga, lakini sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa juu ya hesabu: Henry Tizard alisema makadirio yake ya nyumba yamezidi mara tano, Patrick Blackett akasema mara sita. Mimi naona huo ulikuwa ubishi uliopotea njia, hata kama Tizard na Blackett walikuwa sahihi, kwa sababu uliacha bila kuguswa ile hatua ya kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye moyo.

Mabomu yakaanguka, mengi kuliko mtu yeyote alivyowahi kufikiri. Hamburg peke yake, mwishoni mwa Julai 1943, moto ulioungana kuwa dhoruba uliua zaidi ya watu 35,000, na kama milioni moja wakaukimbia mji. Sasa swali lilikuwa limejaribiwa kwa kipimo ambacho Hull haikukifikia.

Wamarekani ndio waliokwenda kuangalia matokeo. Novemba 1944 waliunda tume kubwa, yenye nafasi za watu zaidi ya elfu moja, wanajeshi na raia: wahandisi, wachumi, madaktari, wanasaikolojia. Mwenyekiti alikuwa Franklin D'Olier, mtu wa biashara ya bima, na miongoni mwa wakurugenzi walikuwa John Kenneth Galbraith, George Ball, Paul Nitze na mwanasaikolojia Rensis Likert. Waliingia Ujerumani nyuma ya wanajeshi, wakachukua mafaili kabla hayajachomwa, na Mei 1945 wakamhoji Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, kabla hajakamatwa rasmi. Walichokikuta kiliwasumbua wengi. Uzalishaji wa silaha wa Ujerumani, tukiuhesabu kuwa 100 mwanzoni mwa 1942, ulipanda hadi 322 Julai 1944, katikati ya mabomu. Hamburg ilikuwa imerudisha asilimia 80 ya uzalishaji wake ndani ya miezi mitano.

Timu ya Likert ilikwenda kuwauliza watu wenyewe. Katikati ya 1945 walihoji Wajerumani 3,711 katika miji na vijiji, iliyopigwa sana, kidogo, na isiyopigwa. Zaidi ya tisa katika kumi walisema kwamba jambo gumu kuliko yote kwa raia lilikuwa mabomu. Ari ilishuka kweli. Watu walichoka, walikata tamaa, waliacha kuamini kwamba Ujerumani itashinda. Hapa kambi ya kwanza ya darasa lako inapata haki yake. Lakini tume ilikuta mambo mawili zaidi. Miji iliyopigwa mno haikuwa na ari ya chini sana kuliko iliyopigwa wastani. Kuongeza mabomu juu ya mabomu kulileta badiliko dogo na dogo zaidi. La pili ndilo kiini cha jibu langu: waliokata tamaa waliendelea kwenda kazini.

Kwa nini? Kwanza, dola la polisi halikuwaachia njia nyingine. Anayelalamika hadharani alijua atapelekwa wapi. Pili, kuna mazoea, kuna ujira, kuna watoto wa kulisha. Tatu, aliyepoteza nyumba na vitu vyake vyote alizidi kuitegemea serikali ile ile aliyoichoka: ndiyo yenye kadi za chakula, ndiyo inayogawa blanketi, ndiyo inayompangia pa kulala. Bomu lililokusudiwa kumtenga na serikali lilimsukuma mlangoni mwa serikali hiyo hiyo.

Wanafunzi wasitoke na wazo kwamba mabomu hayakufanya kazi yoyote. Tume ilikuta pia kwamba kuanzia Mei 1944, ndege zilipoelekezwa kwenye mitambo ya mafuta, petroli ya ndege iliyozalishwa Ujerumani ilishuka kutoka tani 175,000 mwezi Aprili hadi tani 5,000 mwezi Septemba. Kiwanda cha Leuna kilipigwa mara 22, na tangu shambulio la kwanza hadi mwisho wa vita uzalishaji wake ulikuwa wastani wa asilimia tisa tu ya uwezo wake. Ndege zilikuwepo, rubani hana mafuta. Reli nazo zikakatwa, makaa ya mawe hayasafiri. Hapo jeshi liliumia hasa. Na ulinzi wa anga uliwafunga Wajerumani mizinga na watu ambao wangekuwa kwenye uwanja wa vita.

Zuckerman mwenyewe alikuwa na mkono katika hilo la reli. Mwaka 1943 alichunguza reli zilizopigwa Sicily na kusini mwa Italia, akaona kwamba kukata daraja moja moja hakufai kama kupiga makutano makubwa yenye karakana za matengenezo. Pendekezo lake lilikubaliwa kabla ya majeshi kutua Normandy Juni 6, 1944, ingawa Churchill alihangaishwa sana na idadi ya Wafaransa watakaouawa. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni kwamba mtu yule yule alisikilizwa mwaka 1944 alipoonyesha namna ya kuvunja reli, na hakusikilizwa mwaka 1942 alipoonyesha kwamba moyo wa Hull haukuvunjika.

Bado kuna udhaifu mmoja katika kazi zote hizi, na mwanafunzi mkali ataugundua. Miji iliyopigwa sana haikuwa sawa na ile iliyopigwa kidogo tangu mwanzo. Ilikuwa mikubwa zaidi, yenye viwanda zaidi, pengine yenye siasa tofauti. Ukikuta tofauti ya ari, utajuaje ni ya mabomu? Hakuna sungura aliyevaa mpira na asiyevaa.

Nafasi hiyo ilipatikana Vietnam. Wakati wa vita vyao huko, Wamarekani walikusanya kila mara majibu ya maswali 169 kuhusu usalama wa kila kitongoji cha Vietnam Kusini. Kompyuta iliyageuza majibu kuwa alama yenye desimali, kisha ikaikadiria kuwa namba kamili, na namba hiyo ikawa daraja, A hadi E. Wapangaji waliona daraja tu, na kitongoji chenye daraja la chini kilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa. Sasa chukua kitongoji chenye 2.49 na kingine chenye 2.51. Kwa hali halisi havina tofauti, lakini kimoja kinashushwa kuwa 2 na kingine kinapandishwa kuwa 3, na kimoja kinapata mabomu zaidi. Mwaka 2018 wanauchumi Melissa Dell na Pablo Querubin walichapisha utafiti uliolinganisha vitongoji vya aina hiyo. Vilivyopigwa zaidi viliishia na wapiganaji wa Viet Cong, yaani waasi wa kikomunisti, wenye nguvu zaidi, serikali ya mahali dhaifu zaidi, na wananchi walioshiriki kidogo zaidi katika shughuli za kijamii zisizo za wakomunisti. Hapa kambi ya pili nayo inapata haki yake. Ila waambie kwamba Vietnam kulikuwa na upande wa pili kijijini wa kuuendea. Mjerumani wa 1944 aliyeichukia serikali yake hakuwa na pa kwenda.

Kuhusu zoezi, nina moja ninalolipenda. Kuanzia Juni 1944 London ilipigwa na mabomu ya kuruka yenyewe, V-1. Wakazi waliona mitaa fulani inapigwa tena na tena na mingine inaachwa, wakaamini Wajerumani wanaichagua, na wengine wakahama kwa sababu hiyo. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alichukua eneo la kilomita za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa viboksi 576 vilivyo sawa, akahesabu mabomu 537 yaliyoanguka humo. Viboksi 229 havikupata bomu, 211 vilipata moja, 93 mawili, 35 matatu, saba vilipata manne, na kimoja kilipata matano au zaidi. Akalinganisha na kanuni ya Poisson, inayoonyesha nini hutokea vitu vikianguka ovyo bila kuchagua mahali. Kanuni ilitabiri karibu 227 vitupu, 211 vya bomu moja, 99 vya mawili, 31 vya matatu, saba vya manne. Kwa hiyo mabomu yale hayakuwa yakichagua mitaa.

Wewe chora ubaoni viboksi 100, kumi kwa kumi, uvipe namba. Weka vikaratasi 100 vyenye namba hizo kwenye kopo. Mwanafunzi achote kimoja, aisome namba, mwenzake atie nukta kwenye kiboksi hicho, karatasi irudi, kopo litikiswe. Rudieni mara 93. Mtakaribia viboksi 39 vitupu, 37 vya nukta moja, 17 vya mbili, vitano vya tatu, na kimoja au viwili vya nne au zaidi. Ni kazi ya vipindi viwili vinavyofuatana. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anadhani vitabaki vitupu vingapi. Na mkimaliza, kabla hujawatajia Clarke wala Poisson, mwite mwanafunzi ambaye hakuwepo wakati wa kuchota, mwonyeshe ubao, umuulize kama nukta hizi zinaonekana kulenga mahali, na kwa nini.